Maigizo ya Shule na Sufuria ya Uji



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuendesha maigizo katika shule isiyo na fedha. Walioniandikia barua walikuwa na adabu, wakaiita "shule yenye rasilimali chache". Sote humu tunaijua shule hiyo. Ni sekondari ya kata. Ina madarasa manane na mwembe mmoja, haina bwalo, na umeme ukiwepo unaishia ofisini kwa mkuu wa shule. Mwalimu wa Kiswahili ana mikondo minne, ni mwalimu wa zamu wiki hii, na ndiye huyohuyo mlezi wa klabu ya sanaa, cheo alichopewa kwenye kikao ambacho hakuhudhuria.

Hali ya fedha mnaijua, lakini tuitaje ili tusemezane kwa takwimu. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi Kidato cha Nne katika shule za serikali haina ada. Ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari, kwa mwaka mzima, na sehemu ya hiyo ya sekondari hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika shuleni inagombaniwa na chaki, mitihani ya ndani, kitasa kilichovunjika na nauli ya mhasibu. Halafu Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango katika shule za serikali. Ile njia yetu ya zamani ya kumwambia kila mtoto alete mia tano ya mchezo ikafungwa. Mimi siililii. Kulikuwa na watoto waliokuwa wakikatiza masomo kwa sababu ya mia tano hiyo, na sijaona mchezo wa kuigiza unaostahili bei hiyo.

Sasa hoja yangu. Hata hicho kidogo tunachokipata, tunakinunulia vitu vya macho. Tunanunua pazia, tunashonesha sare za waigizaji, tunakodi spika. Kisha siku ya onyesho inafika na watoto hawajui maneno yao, wanasemea kifuani, wanagongana wakiingia na kutoka, na pazia letu jekundu linaning'inia pale kama ushahidi wa matumizi mabaya. Kilichokosekana ni saa za mazoezi. Na saa za mazoezi zina bei yake, nayo ni chakula. Mtu akiniambia shule yake ina programu ya maigizo, siulizi jukwaa liko wapi. Nauliza nani anakoroga uji saa tisa alasiri.

Fikirieni mwanafunzi wetu alivyo. Ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, ametembea kilomita tano, pengine saba. Mchana amekula makande ikiwa shule inapika, na shule nyingi hazipiki. Vipindi vinakwisha saa nane na nusu. Wewe unamtaka abaki mpaka saa kumi na moja jioni apaze sauti, akimbie, aanguke, afe, afufuke, arudie kufa kwa sababu mara ya kwanza alikufa akicheka. Mtoto huyo akiwa na njaa hatakuambia ana njaa. Ataanza kukosa Jumatano, kisha Ijumaa, na wewe utaandika kwenye daftari lako kwamba wanafunzi hawana ari.

Tufanye hesabu. Chukua wanafunzi 25, wiki sita, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku. Hayo ni mazoezi 18, saa 36 kwa jumla, na kwa mchezo wa nusu saa zinatosha kabisa. Tuseme umefaulu kumtoa mkuu wa shule shilingi laki moja na nusu. Nashauri laki moja nzima iingie kwenye sufuria. Ukigawa kwa 18 unapata kama 5,500 kwa siku: unga, sukari kidogo, chumvi, na siku nyingine mihogo ya kuchemsha kwa sababu uji ukirudiwa mno unachukiwa. Kuni ni za jiko la shule, mpishi ni mzazi mmoja aliyeombwa vizuri, na vikombe kila mtu aje na chake. Hamsini elfu inayobaki ndiyo bajeti ya mchezo wenyewe: karatasi, uzi, sabuni, misumari na kamba, na akiba ya kama elfu kumi na tano kwa lile jambo ambalo hutokea siku moja kabla ya onyesho. Najua mkaguzi atashangaa kuona theluthi mbili ya fedha za sanaa imeliwa. Mwonyeshe mahudhurio.

Hizo siku tatu nazo zina masharti. Saa kumi na moja ni mwisho, bila ya "tumalizie onyesho hili tu". Sehemu nyingi jua linazama kabla ya saa moja, na msichana anayetembea saa nzima kwenda kwao anatakiwa afike kungali na mwanga; akichelewa mara mbili, baba yake anamwondoa kwenye mchezo, na baba yake ana haki. Wapange waigizaji kutoka Kidato cha Kwanza na cha Tatu. Kidato cha Pili na cha Nne wana mitihani ya taifa mwishoni mwa mwaka, na hakuna mkuu wa shule atakayekulinda matokeo yakiporomoka. Kila nafasi kubwa iwe na watu wawili wanaoijua. Malaria haijali kwamba onyesho ni Jumamosi.

Tuje kwenye mchezo wenyewe. Kosa la gharama ninaloliona kila mahali ni kutafuta mchezo mbali wakati kabati la idara limejaa. Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, Orodha ya Steve Reynolds na Kilio Chetu zimekuwa vitabu teule vya sekondari kwa miaka mingi, kiasi kwamba stoo zetu zina nakala zake kwa makumi, nyingine bila jalada. Mchezo unaosomwa darasani tayari umelipiwa. Zaidi ya hapo, nusu ya kazi ya mwongozaji, yaani kuwaeleza waigizaji nani ni nani na kwa nini anakasirika, imeshafanyika kwenye kipindi. Mkifika chini ya mwembe mnaanzia katikati.

Mtazameni Ngoswe. Semzaba alikuwa mtu wa jukwaa, alifundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alijua kuandika mchezo unaobebeka. Ngoswe, karani wa sensa, anatumwa kijijini kuhesabu watu, anapendana na Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, kazi ya serikali inapotelea kwenye penzi na pombe, na mwishowe karatasi za takwimu zinateketezwa. Unahitaji nini hapo? Kigoda, kibuyu, mkoba, jiko la mawe matatu, na rundo la karatasi. Uani kwa mtu. Shule gani haina hivyo?

Ila hizo karatasi zinazochomwa zinataka akili. Nimeona wanafunzi wakiwasha moto wa kweli mbele ya hadhira iliyokaa kwenye nyasi kavu mwezi wa Septemba, na hakuna aliyesikia neno hata moja la mwigizaji kwa sababu kila mzazi alikuwa akiangalia cheche zinaelekea wapi. Mitomingi achukue rundo lake, apite katikati ya watazamaji kwenda nyuma ya darasa, na mpishi wetu wa uji atie majani mabichi jikoni. Moshi ukiinuka juu ya paa, kila mtu ataelewa. Mzee arudi na mikono yenye masizi, akae kwenye kigoda chake. Nawahakikishieni hakuna atakayedai amedanganywa.

Nakala. Hapa niseme jambo litakalowaudhi wachache. Kutoa kivuli kitabu kizima na kuwagawia waigizaji 25 ni wizi, hata kama aliyekitoa kivuli ni mwalimu mcha Mungu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo na COSOTA, inayoisimamia, ipo. Lakini pia ni ghali, na haina haja. Mwigizaji hahitaji kitabu kizima mkononi. Anahitaji maneno yake, na maneno machache ya mwenzake yanayotangulia ili ajue lini aseme. Ayaandike mwenyewe kwenye daftari, kwa mkono wake, kutoka kwenye nakala ya stoo. Akimaliza kuandika, robo ya kukariri imekwisha. Hivyo ndivyo walivyofanya waigizaji wa London enzi za Shakespeare: kila mmoja alipewa sehemu yake tu na vidokezo vyake, kwa kuwa kunakili mchezo mzima kwa kila mtu kulikuwa kazi kubwa na karatasi ilikuwa mali.

Na kwa kuwa nimemtaja Shakespeare, niwape habari ya kumjibu yeyote anayetuambia kwamba bila ukumbi hakuna tamthilia. Tarehe 21 Septemba 1599, kijana wa Uswisi aitwaye Thomas Platter alivuka mto jijini London baada ya chakula cha mchana, kama saa nane, akaenda kutazama mchezo wa Julius Caesar. Aliandika alichokiona. Nyumba ya maonyesho ilikuwa imeezekwa kwa nyasi. Waigizaji walikuwa kama 15. Mchezo ulipokwisha wakacheza ngoma, wawili wakiwa wamevaa kiume na wawili kike. Akaeleza pia maleba yalitoka wapi: mabwana wakubwa wakifa huwaachia watumishi wao nguo nzuri, na watumishi, kwa kuwa haiwafai kuzivaa, huziuza kwa waigizaji kwa bei nafuu. Saa nane mchana, mwanga wa jua, paa la nyasi, watu 15, ngoma mwishoni na mitumba. Mchezo huo ndio ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri na kuuchapisha mwaka 1963, akiwa Rais, akaurekebisha na kuutoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Sidhani shule yoyote ya kata iko chini ya kiwango alichokiona Platter, isipokuwa kwa waandishi.

Basi tufanyie wapi? Walimu wengi huwapanga waigizaji chini ya mwembe na hadhira mbele yao uwanjani. Kivuli ni kizuri, lakini sauti inapotea, kwa sababu nyuma ya mwigizaji hakuna kitu. Mweke mwigizaji mbele ya ukuta mrefu wa darasa, hatua nne au tano kutoka ukutani, na hadhira ikae nusu duara, ukiwaachia watazamaji kile kivuli cha mti kikipatikana. Ukuta unairudisha sauti mbele. Angalia upepo unavumia wapi saa ile ile ya onyesho, siku tatu kabla, na usikubali uvume kutoka kwa hadhira kwenda kwa waigizaji. Jua lisiwapige watazamaji machoni. Na msipange onyesho ndani ya darasa la bati wakati wa masika. Mvua ikianza, hata mwigizaji hodari hasikiki.

Kipaza sauti kimoja ni adui wa mchezo. Najua kinakodishwa kwa bei rahisi, na najua mkuu wa shule anakipenda. Lakini kikishaingia jukwaani, kila mwigizaji anasubiri kukabidhiwa kabla ya kusema, na ugomvi wa mume na mke unageuka kuwa kikao cha wadau. Fedha hiyo ongeza kwenye mihogo. Mtoto aliyeshiba, aliyefanya mazoezi saa 36 akiwa amesimama mwisho wa uwanja mmoja na mwalimu mwisho wa pili, anasikika.

Maleba ni kuazima. Kanga, vitenge, kaniki, msuli, kanzu ya babu, koti la marehemu: kila nyumba inayo. Sharti ni daftari. Andika kitu, mwenyewe, siku kilipochukuliwa, na sahihi ya mwanafunzi aliyekichukua. Kirudi kimefuliwa na kimekunjwa. Kanga ya mama mmoja ikirudi na doa la masizi, mwaka unaofuata hupati kanga hata moja katika kijiji kizima, na hapo ndipo utakapojua thamani ya sabuni niliyoitaja. Mvi weka unga, msiweke chokaa kamwe, chokaa inaunguza macho. Ndevu ni masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Gundi ya kutengenezea barakoa kwa maboksi ni uji mzito wa muhogo, na mkitengeneza ya kutosha mtagundua panya wanaupenda kuliko sisi.

Wapo watakaosema: hayo ni ya Ngoswe, mchezo wa uani. Je, michezo mikubwa? Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na ndani yake kuna mto Rufiji, kuna majeshi, kuna makabila yanayokusanyika Ngarambe. Kwa fedha zetu, huo ndio mchezo rahisi kuliko yote, kwa sababu unachohitaji kwa wingi ndicho tulicho nacho kwa wingi, yaani watu. Mto ni wanafunzi 12 wa Kidato cha Kwanza wameshika kaniki mbili ndefu, wanaziinua na kuzishusha kwa mlio wa ngoma moja. Bunduki ni mipini ya majembe ya shamba la shule. Sauti ya risasi ni mbao mbili za dawati bovu zikigonganishwa, na wa kuzigonga awe mmoja tu, mwenye akili iliyotulia. Wakiwa watatu mtakuwa na vita vya kweli. Watoto hao 12 hawana neno hata moja la kusema, lakini wamekunywa uji, wamekaa na mchezo wiki sita, na wakifika Kidato cha Tatu ndio wahusika wako wakuu, Kitunda na Kinjeketile, kwa sababu wamesikia kila neno mara 18.

Jambo la mazoezi kufanyika hadharani nalipa uzito. Mwaka 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walijijengea wenyewe jukwaa la wazi wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kuchagua waigizaji na mazoezi vyote vilifanyika mbele ya macho ya kijiji. Watu walisimama wakitoka shambani, wakasahihisha: mzee hasalimu hivyo, mwanamke aliyechoka habebi kuni namna hiyo. Siku ya kufungua, watu walikuwa wanaujua mchezo na bado walifurika. Serikali iliondoa kibali mwezi Novemba mwaka huohuo, na hilo nalo linaonyesha ulikuwa umewafikia watu. Sisi hatuna ugomvi wa ukubwa huo. Lakini mwalimu anayejifungia darasani ili "watu wasiuone mchezo kabla" anatupa tangazo la bure, washauri wa bure, na wale wazazi ambao kesho angewaazima kanga.

Wenzetu wa Kenya wametutangulia. Tamasha lao la maigizo ya shule lilianza mwaka 1959 na leo linapanda kutoka ngazi za chini mpaka la taifa. Nalionea wivu, kwa sababu kwetu UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ina sanaa ndani ya jina lake lakini basi likiwa na viti vichache, wanaoshushwa ni wanakwaya na washambuliaji wanabaki. Hata hivyo mashindano yana gharama yake. Shule ikishataka kombe, inaanza kutafuta mtunzi kutoka nje, mwalimu wa ngoma kutoka nje, lori la kubebea mandhari, na yule mtoto asiyejua kuigiza ambaye angejifunza kwa kuwa mto hana tena nafasi. Mkialikwa kushindana, nendeni. Msiipange bajeti ya shule kwa ajili ya siku hiyo.

Siku bora kwa bajeti yetu ni mahafali ya Kidato cha Nne. Turubai limeshakodiwa, viti vipo, wazazi wamevaa vizuri na wamekuja kwa nauli zao. Tatizo ni mgeni rasmi. Ataalikwa saa nne, atafika saa saba, ratiba itakatwa, na kitakachokatwa ni mchezo. Kwa hiyo kionyesheni kijiji mchezo mzima siku inayotangulia, alasiri, bila mgeni yeyote. Siku ya mahafali muwe na kipande cha dakika 20 kilicho tayari kuanza wakati wowote, hasa wakati huo wa kusubiri, ambapo mshereheshaji ameishiwa maneno na wazazi wanapepea ratiba. Waigizaji wafundishwe pia kusimama ghafla msafara ukiingia, kungoja watu wakae, na kuendelea pale pale walipoachia. Nao ni ustadi, na unafanyiwa mazoezi.

Mkuu wa shule atauliza kama hayo yataongeza ufaulu. Msimwahidi alama. Mwambieni wanafunzi hao watajibu swali la tamthilia wakiwa wanamkumbuka Mitomingi kwa sura ya mwenzao, kisha mrudi kwenye hesabu ya laki moja na nusu, kwa sababu wakuu wa shule husikiliza vizuri zaidi kukiwa na karatasi mezani.

La mwisho ni uhamisho. Programu nyingi za maigizo ninazozijua hazikufa kwa kukosa fedha, zilikufa siku mwalimu mmoja alipopata barua ya kuhamia wilaya nyingine, akaondoka na kila kitu kichwani mwake. Wachagueni wanafunzi wawili wa Kidato cha Tatu kila mwaka, mmoja wa kushika daftari la maleba na mmoja wa kushika daftari la mazoezi, ndani yake mkiandika nani alikuja, tulifanya nini, uji ulitumia unga kiasi gani, ukuta upi ulisikika vizuri na saa ngapi. Waonyesheni mpishi ni nani na anaishi wapi. Madaftari hayo yakae kwenye kabati la idara ya Kiswahili, pamoja na zile nakala za Ngoswe zisizo na jalada, na ufunguo wa kabati awe nao mtu zaidi ya mmoja.